Mgonjwa aliyepona anazuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni: wajibu wa daktari unaishia wapi?

Daktari wa Ibanda (Bukavu) ameuliza:

Wakubwa zangu na wenzangu wa kazi, nawasalimu.

Mimi ni daktari wa tiba ya jumla katika hospitali moja ya hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa jambo ninalolileta halihusu nyumba moja tu. Katika wodi ya wazazi na ile ya upasuaji kuna wagonjwa ambao nimekwisha kuwaandikia ruhusa ya kutoka: jeraha limefunga, homa hakuna, mtoto ananyonya vizuri. Hata hivyo hawatoki, kwa sababu hesabu ya hospitali haijalipwa. Wengine hubaki siku chache mpaka ndugu wauze mbuzi au wapate mkopo. Wengine hubaki majuma. Kitanda chao hupewa mgonjwa mpya, na wao huhamishiwa kwenye mkeka ukumbini au katika chumba cha nyuma ambacho kila mfanyakazi anakijua. Kila asubuhi tunapopita na wauguzi, watu hawa hunisalimu kwa heshima ileile waliyokuwa nayo siku nilipowapasua, nami sina la kuwaandikia, kwa sababu kitabibu hawaumwi.

Yanayonisumbua ni mambo mawili yanayoshikana. La kwanza ni namna hali hii inavyoingia katika uamuzi wangu wa tiba. Mama analetwa kutoka Kabare au Walungu, uchungu umekwama tangu jana, na kabla sijamaliza kumpima nimekwisha kujiuliza mumewe ana uwezo gani. Upasuaji naufanya, hilo halina mjadala. Lakini kipimo cha pili cha damu, siku ya ziada ya kumwangalia mtoto aliyezaliwa amechoka, au dawa ya maumivu iliyo bora zaidi, vyote hupimwa kwanza kwa bei, kwa kuwa najua kila mstari ninaouandika unamwongezea siku za kuzuiliwa. Sijui tena kutenganisha kumhurumia mgonjwa na kumnyima haki yake.

La pili ni mimi mwenyewe. Usingizi umepungua, nawakasirikia ndugu wa wagonjwa ambao hawana kosa lolote, na ninapokaribia mlango wa chumba kile natamani kupita haraka. Mwenzangu mmoja niliyemweleza alinishauri nichukue likizo. Sikatai mapumziko, lakini nitakaporudi, watu hao au wengine kama wao watakuwa palepale.

Naomba basi mawazo yenu. Je, wajibu wa daktari unaishia kwenye hati ya kutoka, au unamfuata mgonjwa mpaka apite lango la hospitali? Na wale waliofanikiwa kubadilisha desturi hii mahali pao, walianzia wapi?

Mkongwe wa zoni (Sud-Kivu) amejibu:

Mdogo wangu, ningependa kuanzia kwenye fedha, kwa sababu sisi madaktari ndipo tunapokataa kutazama. Hospitali nyingi za mkoa wetu huishi kwa yale wanayolipa wagonjwa. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako na kukubaliana kwamba wananchi wachangie gharama ili vituo visikose dawa, na mpango ule haukuwasahau maskini: walipaswa kuwekewa njia ya kuhudumiwa. Kwetu sisi, dola ilipodhoofika na misaada ikakatika, ule mchango uligeuka kuwa karibu chakula chote cha hospitali. Mshahara wa serikali hauwafikii wote, na wapo wanaofanya kazi miaka mingi bila namba ya matrikule, yaani ya kuandikishwa kama mtumishi wa serikali. Kwa hiyo posho ya muuguzi, ya mfagiaji, na yako wewe pia, hutoka katika dirisha la malipo. Ndiyo maana mhasibu anapomzuia yule mama haoni kwamba anatenda ukatili, bali anaona kwamba analinda posho za wafanyakazi wote. Ukimwendea na maneno ya huruma peke yake atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuuliza nani akose posho mwezi huu.

Lakini sheria haiko upande wake. Kifungu cha 17 cha Katiba yetu ya 18 Februari 2006 kinasema uhuru wa mtu ndio kanuni na kizuizi ni jambo la pekee, tena kwa mujibu wa sheria tu. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Zaidi ya hayo, mwaka 1976 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Deni la hospitali hudaiwa kama madeni mengine yanavyodaiwa, na hakuna deni la namna hiyo linaloruhusu kushikilia mwili wa mdaiwa. Sikuambii uende mahakamani kesho. Nakuambia uyajue maneno haya, kwa sababu katika kikao cha uongozi yana uzito kuliko machozi.

Nilipokuwa daktari mkuu wa zoni ya afya, kitu kilichotusaidia kuliko vingine ni bei ya mkupuo. Mama wa kujifungua kwa upasuaji anaelezwa tangu mlangoni kiasi kimoja atakacholipa, vipimo viwe vingi au vichache, akae siku nne au saba. Faida yake kwa daktari ni kubwa: kalamu yako inakuwa huru, kwa sababu kipimo cha pili hakimwongezei mgonjwa hata falanga, na lile swali lako la kwanza linapungua nguvu. Hatari yake nayo ipo, nami niliiona kwa macho: uongozi usipokuwa macho, hospitali huanza kubana dawa ili kiasi kile kitoshe. Kwa hiyo bei ya mkupuo bila mtu wa kukagua akiba ya dawa ni mtego wa namna nyingine.

Kuhusu mituele za afya, yaani vyama ambavyo wanachama huchanga mapema ili watibiwe wanapougua, ziungeni mkono. Tangu sheria ya 8 Februari 2017 zina msingi wa kisheria nchini, na hapa Bukavu Kanisa Katoliki limeendesha mituele tangu zamani. Udhaifu wake ni kwamba humkinga aliyejiandikisha mapema, na maskini wa mwisho kabisa hana cha kujiandikishia.

Neno moja la tahadhari: usifanye desturi ya kulipa kwa mfuko wako. Utamwokoa mmoja, wa pili utamwokoa kwa mkopo, na wa tatu utamkwepa. Mfuko wako hautoshi, na hospitali itazoea kukutegemea badala ya kubadili utaratibu wake.

Muuguzi wa Kadutu amejibu:

Dokta, nakushukuru kwa kuuliza, maana sisi tumezoea kuliona jambo hili bila kulisema. Niruhusu niongeze yale ambayo ziara ya asubuhi haiyaoni.

Hospitali zetu nyingi haziwapi wagonjwa chakula; familia ndiyo inayoleta bugali na sombe. Familia inapoondoka kwenda kutafuta pesa, mleta chakula naye ameondoka. Mama anayenyonyesha hubaki akitegemea sahani ya jirani wa kitanda, na jirani huyo naye hesabu yake inapanda. Nimewaona akina mama ambao walipona jeraha kisha wakadhoofika mbele yetu, na mtoto aliyezaliwa mzima akapata homa na kuhara katika ukumbi uliojaa wagonjwa. Gharama hiyo haiandikwi kwenye daftari lolote, lakini ipo.

Tena, anayesimama mlangoni ni mimi. Nilisomea kumtunza mama, sikusomea kumlinda asitoroke. Katika nyumba moja niliyofanyia kazi, mgonjwa akitoroka usiku wa zamu yako, deni lake hukatwa kwenye posho yako. Fikiria jinsi muuguzi anavyomtazama mgonjwa wakati kila mmoja wao ni tishio kwa mwenzake. Ninyi madaktari mnaposema mmechoka rohoni nawaelewa, lakini naomba mnaposhauriana juu ya jambo hili msituache nje ya chumba.

Kuhusu athari mtaani: sokoni Kadutu habari ya chumba cha nyuma hufika kabla ya mama mwenyewe kurudi nyumbani. Mimba inayofuata, mama yuleyule, mwenye kovu la upasuaji, ambaye hasa hapaswi kuzalia nje ya hospitali, huenda kwenye chumba cha maombi au kwa mkunga wa jirani. Anakuja kwetu mfuko wa uzazi umekwisha kupasuka. Tunapoteza mtoto, mara nyingine na mama pia, na aliyebaki hai anakabidhiwa hesabu kubwa kuliko ile aliyoikimbia. Baada ya hapo tunaandika kwenye ripoti kwamba alichelewa kufika, jambo ambalo ni kweli, ila sababu ya kuchelewa kwake haina mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

Lililotufaa ni kuanza mapema. Katika kliniki ya wajawazito tunamtajia mama bei waziwazi, ya kujifungua kwa kawaida na ya upasuaji, na tunazungumza na vikundi vya likelemba, ambavyo wanachama huchanga na kupokezana fungu kwa zamu, ili mjamzito apewe zamu yake katika mwezi anaotarajia kuzaa. Akina mama walilielewa haraka kuliko sisi, kwa kuwa hesabu ya zamu wanaijua. Kwa bahati mbaya, tangu benki zifungwe hapa mwanzoni mwa 2025, fedha taslimu imekuwa adimu, na vikundi vingine vimeyumba. Wale wanaotunza akiba kwenye simu wamejikaza zaidi, ingawa kuitoa nako kuna makato.

Mfuatiliaji wa milipuko (Goma) amejibu:

Naandika kutoka Goma, ambako kazi yangu ni ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza, na nathibitisha neno la mama muuguzi: chumba cha nyuma cha wodi ya wazazi kinaonekana katika takwimu za milipuko, ingawa hakuna anayekitaja huko.

Chukueni kipindupindu. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, chemchemi ni chache, na watu wengi huteka maji ya ziwa Kivu. Mwaka 1994 ugonjwa huu uliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kuzunguka mji huu katika muda wa majuma machache, na tangu hapo haujatuacha. Mgonjwa mzito asipopewa maji anaweza kufa katika saa chache. Akipewa maji ya chumvichumvi au ya mshipani kwa wakati, wanaokufa hawazidi mmoja katika mia. Kwa hiyo kila kitu kinategemea saa ambayo familia inaamua kuondoka nyumbani. Matibabu katika vituo vya kipindupindu ni bure, na wahamasishaji wetu wa jamii hulitangaza hilo avenue kwa avenue, yaani mtaa kwa mtaa. Lakini mtu aliyeona shangazi yake akizuiliwa baada ya kujifungua hatofautishi hema la kipindupindu na hospitali. Kwake yote ni mahali ambapo kuingia ni rahisi na kutoka ni kwa pesa. Anasubiri mpaka alfajiri aone kama kuhara kutakoma, na wakati huo choo na ndoo ya maji vinatumiwa na nyumba nzima.

Tuliona kinyume chake wakati wa Ebola, iliyotangazwa 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, iliyowapata watu 3,470 na kuua 2,287. Ada ziliondolewa katika zoni zilizoathirika, na watu wakaja vituoni kwa wingi kuliko kabla. Sitaki kupamba jambo hilo. Msongamano uliongezeka, wauguzi walilemewa, na katika ugonjwa kama ule chumba cha kungojea kilichojaa ni hatari yenyewe. Watu nao waliuliza swali la haki: kwa nini Ebola itibiwe bure ilhali mtoto wa surua analipiwa? Katika kipindi hichohicho surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao watoto wadogo, na dunia haikuitazama kwa macho yaleyale. Kutokuaminiana kulikotugharimu sana Beni na Butembo kulikuwa na mizizi mingi ya vita na siasa, lakini mmojawapo ulikuwa huu: raia alishangaa kwamba mlango ambao miaka yote ulidai pesa umefunguliwa ghafla kwa ugonjwa mmoja tu.

Mpox nayo, aina ile iliyoanza kuonekana Kamituga mwaka 2023 na kuifanya WHO (Shirika la Afya Duniani) itangaze dharura ya kimataifa 14 Agosti 2024, ilipita katika mji wa wachimbaji ambako mtu huhesabu kila siku ya kutofanya kazi. Tunapomwomba mgonjwa wa namna hiyo ajitokeze na akubali kutengwa, tunamwomba atuamini. Sisi wa afya ya jamii huikuta imani hiyo imekwisha kujengwa au kubomolewa na ninyi wa wodini, muda mrefu kabla ya mlipuko.

Dada daktari (Lubumbashi) amejibu:

Ndugu yangu wa Bukavu, wengine wamesema juu ya mgonjwa na jamii. Nami naomba kusema juu yako, kwa sababu uliuliza mambo mawili na naona la pili linapita bila kujibiwa.

Mwaka 2019, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, WHO ilieleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi tena kazi ipasavyo. Iliuweka kama jambo linalotokana na mazingira ya kazi, haikuuita ugonjwa wa mtu. Mwaka 2017, katika mkutano wa Chicago, Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza katika Azimio la Geneva ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Yote mawili ni mema, na likizo uliyoshauriwa ichukue. Lakini ninavyokusoma, wewe hujachoka kwa wingi wa kazi tu. Unalijua lililo sawa, unaweza hata kuliandika kwenye karatasi, kisha unazuiliwa kulitimiza mbele ya macho ya mgonjwa, siku baada ya siku. Mwaka 2018 madaktari wawili wa Marekani, Wendy Dean na Simon Talbot, waliandika kwamba mengi tunayoyaita uchovu wa madaktari ni jeraha la dhamiri, wakichukua wazo ambalo Jonathan Shay alikuwa amelitumia kwa askari waliotoka vita vya Vietnam. Kwao kinachomzuia daktari ni kampuni za bima na hesabu za hospitali kubwa, na kwetu ni dirisha la malipo. Usingizi peke yake hauponyi jeraha la namna hiyo.

Huku kwetu wazee bado wanasimulia enzi ambapo mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines na familia yake walitibiwa kwa gharama ya kampuni. Enzi hizo zilikwisha, na kizazi changu cha madaktari kimekulia katika mfumo wa kulipa kwanza. Katika idara yangu tulichofanya ni kidogo, lakini kimenirudishia usingizi. Kila Alhamisi jioni tunakaa pamoja, madaktari, wauguzi, mhasibu na mhudumu wa ustawi wa jamii, na tunasoma orodha ya waliopewa ruhusa lakini hawajatoka. Tunasoma majina: nani, tangu lini, anadaiwa nini, nani amezungumza na familia yake. Orodha hiyo hutiwa sahihi na kupelekwa kwa daktari mkurugenzi. Hapo ndipo sikubaliani kikamilifu na mkubwa wetu wa zoni, aliyesema vifungu vina uzito kuliko machozi. Vifungu vya sheria vina uzito, lakini nimemwona mhasibu mgumu akibadilika siku aliyolazimika kusoma kwa sauti jina la msichana aliyelingana na bintiye, baada ya miezi mingi ya kuona namba tu.

Na jambo la mwisho, kwa uzito wote: ukiona usingizi haurudi, pombe inaongezeka, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, nenda kwa mwenzetu wa afya ya akili ukiwa mgonjwa kama wagonjwa wengine, ukae kwenye kiti, uandikiwe faili. Bukavu mna kituo cha SOSAME. Madaktari tunapenda kujitibu kwa mazungumzo ya ukumbini, na mazungumzo hayo hayatoshi.

Daktari wa Ibanda (Bukavu) amejibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo. Mama muuguzi, nimekusikia: kikao kikianza, wauguzi watakuwemo tangu siku ya kwanza, na nitaomba kanuni ya kukata posho ikiwa ipo kwetu iwe jambo la kwanza kujadiliwa. Dada wa Lubumbashi, orodha ya majina nitaianzisha katika wodi ninayoisimamia, kwa kuwa kwa hilo sihitaji ruhusa ya mtu.

Mkubwa wangu wa zoni, nina swali moja la utekelezaji. Kwetu siku za kitanda zinaendelea kuhesabiwa hata baada ya ruhusa ya daktari, hivyo deni la aliyeshindwa kulipa linaongezeka kila usiku anaozuiliwa. Je, daktari ana uwezo wowote juu ya hesabu hiyo, au ni mali ya msimamizi wa fedha peke yake?

Mkongwe wa zoni (Sud-Kivu) amejibu:

Unao, tena mkubwa kuliko unavyodhani. Kukaa hospitalini ni tendo la tiba, na anayeamua lini limekwisha ni daktari. Andika kwenye faili tarehe na saa ya ruhusa, utie sahihi, na nakala uipeleke dirishani siku hiyohiyo. Usingoje familia iipeleke. Kisha ombeni uongozi utoe barua ya ndani inayosema kwamba hesabu ya kitanda inafungwa saa hiyo. Nimeona wasimamizi wa fedha wakikubali hilo bila vita, kwa sababu wanajua kwamba siku zile za nyongeza hazilipwi na mtu. Zinajaza tu daftari la madeni.

Baada ya hapo pendekezeni hati ya makubaliano ya kulipa kidogokidogo, yenye sahihi ya mgonjwa, ya ndugu mmoja, na ya shahidi anayeheshimiwa kwao, awe mkuu wa avenue, mchungaji au katekista, na mhamasishaji wa jamii wa eneo lao apewe nakala ili awakumbushe kwa upole. Wapo watakaolipa na wapo ambao hawatalipa, lakini hao wa pili wasingelipa hata mngewaweka ukumbini mwaka mzima. Anza na wodi ya wazazi peke yake, kwa sababu huko gharama ni rahisi kukadiria, na umwache mhasibu alinganishe madaftari ya miezi mitatu kabla hujamgusia wodi ya upasuaji.